Walilifumua Gitaa Alilolisuka Mke Wangu

Nina miaka arobaini na minne, ni mgane, na kwetu ni Mikindani. Niliishia kidato cha nne, nikashika gitaa, na gitaa likanishika. Ndugu wasomaji, nawaeleza yaliyonikuta kwa sababu mpaka leo nikilitaja jina la marehemu mke wangu, ulimi unakuwa mzito...

Mke wangu, Somoe, alikuwa msusi. Wanawake walitoka hadi kijiji cha Ziwani kuja kukaa mbele ya magoti yake. Mimi nilipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya harusi pamoja na rafiki yangu Bakari, mpiga besi.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyombo. Siku moja gitaa langu likafa sauti. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mno, mizunguko maelfu. Wanamuziki tunaiita pikapu, na ndiyo inayoigeuza mitikisiko ya nyuzi kuwa sauti. Waya ule ulikuwa umelika ukakatika. Nikatoa waya mwingine kwenye redio mbovu, lakini kila nikiuzungusha, ulikatika mkononi.

Somoe alinitazama akacheka. "Vidole hivyo havijui kusuka hata ukili wa mkeka. Lete hapa. Si mnasema mota zinasukwa? Basi kusuka ni kazi yangu."

Akalisuka kidogo kidogo, kila alipomaliza vichwa vya wateja. Sikukaa kumtazama. Gitaa lilipowaka, sauti yake ilikuwa nzito, ina ukungu kidogo, kama mtu anayezungumza nawe kutoka chumba cha pili. Bakari hakuipenda. Mimi niliipenda kupita kiasi.

Kisha Somoe akaugua. Hakupona...

Nyumba ikanishinda. Nikawa mtu wa njiani: Newala, Tunduru, kisha Kilambo, nikavuka Ruvuma, nikafanya vibarua upande wa Msumbiji. Gitaa nilimwachia Bakari. Nilimwambia, "Litunze." Sikumwambia kingine. Utamwambiaje mwanamume mwenzako kwamba ndani ya kipande kile cha mbao mna mkono wa mkeo?

Miaka ikapita, nikachoka kutangatanga, nikarudi. Bakari alinipokea kwa bashasha ukumbini tunakofanyia mazoezi. "Lipige kwanza, bwana Issa. Nimekuandalia zawadi."

Nikagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka kali, safi, inang'aa kama bati jipya juani. Wenzetu wakapiga makofi. Mimi niliuachia uzi. Ilikuwa kama kumwita mkeo, akaitika mwanamke mwingine.

Bakari alikuwa amelipeleka kwa fundi wa kusuka mota pale Chikongola. Fundi alifumua waya wote, akasuka upya kwa mizunguko michache ili sauti ichangamke. Nikauliza, waya wa zamani uko wapi?

Bakari akainamisha macho. "Tuliuchoma."

"Kwa nini mliuchoma?"

"Ndani yake mlikuwa na unywele, ndugu yangu. Mrefu. Una mafundo."

Nyinyi wa huku kwetu mnaelewa. Unywele wenye mafundo, uliofichwa ndani ya kitu cha mwanamume, watu hawaulizi mara mbili. Bakari aliamini ameniokoa. "Ndiyo maana miaka yote hii hutazami mwanamke," alisema kwa upole kabisa. "Alikufunga. Sasa umefunguliwa."

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Nikamuuliza: ulikuwa unywele kweli, au ulikuwa uzi mweusi wa kusukia? Wasusi wa kwetu hushinda na uzi huo vidoleni, hunasa popote.

"Sikuangalia, kaka," akanijibu. "Nani angeangalia? Mimi nina watoto."

Basi. Kilichoungua kiliungua, na hakuna atakayejua kilikuwa nini.

Maneno yakafika sokoni. Somoe wangu akawa mwanamke wa limbwata. Nilijua ni uongo... au nilijua? Nilianza kukumbuka mambo. Kwa nini hakutaka nimsaidie? Na siku ile aliponikabidhi gitaa, kwa nini alicheka akasema, "Sasa nenda popote, utarudi tu"? Lilikuwa neno la mapenzi. Nililigeuzageuza hadi likaoza.

Tukipiga harusini, watu wanaifurahia sauti mpya. Mimi chini yake naisikia ile ya zamani, nzito, inaniita polepole. Nikisimamisha mkono, inanyamaza.

Ndipo akaja Hadija, mdogo wake Somoe. Alituingilia ukumbini, Bakari na wenzetu wote wapo.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Wewe ndiye uliyekaa naye. Waambie hawa. Dada yangu alikuwa mchawi?"

Lilihitajika neno moja tu. Hapana. Nikafungua mdomo... nikafikiri. Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate, si zaidi. Lakini Hadija aliniona nikifikiri.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Nimesikia."

Nilimfuata hadi barabarani nikisema hapana, hapana, hapana. Hakugeuka. Tangu siku hiyo, watoto wake wakipita mbele yangu hawaniamkii.

Ndugu wasomaji, ukiacha kitu chako cha thamani, usiseme "tunza" ukanyamaza. Sema kimetoka mkononi mwa nani. Bakari nimemsamehe, kwani hakujua. Lakini mimi nilikuwa najua! Marehemu wako akisingiziwa, jibu kabla hujafikiri, maana yeye hana tena mdomo ila wako.

Somoe alizikwa na watu, kwa dua na heshima. Mimi nikamzika mara ya pili, peke yangu, mdomo wazi na sauti haitoki.