Tembo Wawili Nyumba Moja

Thongkam alikuwa mtunza tembo, kama baba yake. Kijijini kwao, mkoani Surin, tembo hulala nyuma ya nyumba ya mwenyewe, naye huhesabiwa kuwa mmoja wa familia. Wa kwake aliitwa Dokkhun. Kila asubuhi walikwenda mtoni kuoga.

Siku moja Thongkam alitoka nje akiwa amekwisha kunywa pombe ya mchele. Siku hizo hakuweza kuianza asubuhi bila hiyo.

"Piga goti, mama, twende," akamwambia tembo.

Dokkhun alinyoosha mkonga, akamnusa mdomo, kisha akamgeuzia mgongo. Thongkam akamfuata, akamvuta sikio. Dokkhun akamsukuma kwa mkonga, polepole, kama mtu anayefunga mlango. Thongkam akaanguka chali matopeni. Mguu mnene kama gogo ukasimama juu ya kifua chake. Ungeshuka, leo tungesema mengine. Haukushuka.

Mkewe, Samruai, akaja mbio kutoka jikoni, akamvuta pembeni.

"Nilikwambia, baba watoto! Tembo wawili hawakai nyumba moja, wa chupa na wa miguu minne. Chagua!"

"Nimechagua," Thongkam akasema, bado anahema. Akaimwaga chupa yote chini. "Kuanzia leo, hata tone!"

Jirani yao Wilai, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa amesikia kelele.

"Subiri kwanza, kaka," akasema.

"Nisubiri nini? Si ninyi mlionipigia kelele niache?"

"Tulikupigia, na tunafurahi. Lakini jibu maswali haya kwanza." Akafungua simu. "Huu ni mpango wa mtandaoni wa kusaidia watu wazima kupunguza pombe. Umetengenezwa na madaktari."

"Na jina langu litafika wapi?"

"Haukuulizi jina. Ukidanganya, umejidanganya mwenyewe."

Thongkam alikaa ngazini, akajibu. Unakunywa nini? Kiasi gani? Ukichelewa kunywa, je, unatetemeka na kutoka jasho? Hapo kidole chake kikasita. Hata Samruai hakuwahi kuambiwa hilo. Akabonyeza: ndiyo.

Jibu likaja: *Usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja, unaweza kupata kifafa, hata kufa. Nenda kwa daktari leo.*

Thongkam aliyasoma tena maneno hayo. Kitu kisicho na macho kilikuwa kimemwona ndani.

"Kumbe ningejiua kwa nia njema," akasema kwa sauti ndogo.

Wilai akampeleka zahanati. Daktari akampa dawa, akamfuatilia mpaka mwili ukatulia. Kisha Thongkam akaendelea na mpango kwenye simu yake mwenyewe. Kila jioni aliandika kama amekunywa au la. Mpango ukamuuliza: kiu hukujia wakati gani? Jua likizama, rafiki wakija. Utafanya nini wakati huo? Akaandika: nitamkatia Dokkhun miwa.

Rafiki zake walicheka. "Siku hizi unaongozwa na simu, kama ng'ombe na kamba!"

"Afadhali kamba kuliko kaburi," akawajibu, huku akikata miwa.

Sikukuu ya mwaka mpya ilimshinda. Alikunywa mpaka akalala njiani. Kesho yake aliandika ukweli, akangoja kutukanwa. Mshauri wa mpango, mtu wa kweli safari hii, akamwandikia: *Asante kwa kusema. Nini kilitangulia glasi ya kwanza?* Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri siku nzima, akaona: alikuwa ameona haya kukataa mbele ya watu. Samruai akamfundisha jibu fupi, wakalifanyia mazoezi hadi wakacheka. "Hapana, ndugu yangu, nimiminie maji."

Miezi ikapita. Mvua zikaanza. Asubuhi moja Thongkam alimwendea Dokkhun, akasimama mbele yake.

Mkonga ukaja. Ukamnusa mdomo, shingo, viganja, ukarudi tena mdomoni. Samruai aliacha kukoroga uji. Kisha, bila kuamriwa na mtu, mnyama yule mkubwa kama nyumba akakunja goti, akashuka mpaka chini.

Thongkam hakupanda mara moja. Alikutanisha viganja mbele ya paji la uso, akamwinamia, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.