Uzi Unakatikia Palepale

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Jumapili ile ulikuwa umekaa karibu na mlango wa kilabu, pale Rimuka, mtaani Kadoma, kopo la pombe mkononi. Uzi wa gitaa la Gwinyai ulikatika mara ya pili, nawe ukageuza uso kama mtu aliyemwona mkwewe akiteleza kwenye tope. Ukamnong'oneza aliyekuwa pembeni yako. Kisha mkainuka wote, mkamwacha akunje waya zake peke yake. Basi kaa chini usome ulichokigeuzia uso.

Gwinyai Masarakufa alikaa chumba kimoja na jiko. Mkewe, Netsai, alikuwa Johannesburg mwaka wa sita, akilea watoto wa watu. Binti yao, Ropa, alimfuata mama yake alipomaliza shule. Kila asubuhi Gwinyai alichota maji, akapika uji, akaunywa amesimama. Meza yake ilikuwa na viti vinne. Kukaa kwenye kimoja na kutazama vitatu kulikuwa kunamshinda.

Mchana alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Alirudi na vumbi masikioni. Jumapili alipiga gitaa kilabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuongea na watu, kwa sababu kwa mdomo hakuwa na la kusema.

Bendi yao zamani ilikuwa ya watu wanne. Wawili walivuka mpaka. Wa tatu, Zvidzai, alikufa. Zvidzai alikuwa akipiga gitaa la pili, amesimama kushoto kwa Gwinyai miaka kumi na saba. Tena walikuwa watani wa msiba. Unajua mambo hayo: mmoja akifa, mwenzake ndiye mwenye haki ya kuvaa koti la marehemu, kuigiza mwendo wake, na kuwatania wafiwa mpaka wanaolia wacheke.

Siku ya mazishi ya Zvidzai, Gwinyai alikuwa Gokwe, harusini, akipiga gitaa. Simu yake ilikuwa imezima. Aliporudi, kaburi lilikuwa limeshafunikwa, na hakuna aliyewachekesha wafiwa.

Tangu hapo watu walianza kuhesabu nyuzi. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ulikuwa unakatika kila Jumapili. Wakasema ni Zvidzai. Wakasema amekasirika, anakata uzi kwa mkono wake. Vijana wawili waliokuwa wanataka kuanzisha bendi na Gwinyai hawakurudi tena. Mwenye kilabu akaanza kutafuta mtu wa kupiga muziki wa kompyuta. Hata salamu zikapungua. Na Gwinyai mwenyewe aliamini. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Jioni moja akaja Tobias, kaka yake Zvidzai, kutoka Sanyati. Hakukaa.

"Mwezi ujao tunapika pombe ya kuirudisha roho ya Zvidzai nyumbani," alisema. "Mama anataka upige gitaa."

"Nitakuja, kaka. Asante."

"Usinishukuru. Ingekuwa ni mimi, usingekuja. Ulimwacha azikwe kama mtu asiye na mtani." Tobias alitazama gitaa lililoegemea ukuta. "Nasikia habari za huo uzi wako."

"Unakatika tu."

"Sawa. Basi ukikatika mbele ya pombe yake, tutajua amekukataa. Utafunga virago, na kwetu hutakanyaga tena. Hata kaburini."

Akaondoka. Gwinyai alivalisha gitaa uzi mpya, akapiga wimbo wa Zvidzai. Ubeti wa pili, uzi ukakatika. Alibaki amekaa na gitaa mapajani, akasema kwa sauti, "Sasa unataka nini kwangu?"

Ukuta ulijibu. "Baba Ropa, unaongea na nani humo?"

Alikuwa Mama Fungisai, jirani. Ukuta wa nyumba zile ni wa kupitisha hata kikohozi.

"Na gitaa, mama."

"Linajibu?"

"Limekatika tena."

"Basi lilete huku, labda kwangu litaona haya. Na huo uzi usiutupe. Ulete kama ulivyo, vipande vyote viwili."

Mama Fungisai alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na miwili. Kisha wenye kiwanda wakafunga geti, wakaenda zao. Mafundi wakaachwa wauze nyanya barabarani. Hakuna aliyewauliza, "Ninyi mnajua nini?" Maarifa ya mji mzima yalitupwa kama makapi ya pamba, na sisi sote tukapita pale getini tukitazama mbele. Mji ukisahau mafundi wake, unabaki kuuliza wafu.

Gwinyai alipolileta, Mama Fungisai alilaza gitaa mezani, katikati ya nyanya. Akavaa miwani yake yenye mguu mmoja.

"Unakatikia wapi?"

"Popote."

"Hakuna popote. Nionyeshe." Akachukua kipande kifupi cha uzi, akakinyoosha kwenye gitaa. Kiliishia kwenye daraja, upande wa mkono wa kulia, pale nyuzi zinapofungwa. "Umekatikia hapa, juu ya hiki chuma kidogo. Na ule wa juzi?"

Gwinyai alifikiri. "Hapohapo."

"Na wa Jumapili?"

"Hapohapo."

"Huyo marehemu wako ana bidii," alisema Mama Fungisai. "Ana gitaa zima la kuchagua, lakini kila siku anarudi palepale. Sisi kiwandani uzi ukikatikia palepale mara tatu, hatukumwita mganga. Tulitafuta jino linaloukata."

Akamwonyesha. Juu ya daraja kulikuwa na vyuma vidogo sita, kila kimoja kikibeba uzi wake.

"Hivi ni vikalio vya nyuzi. Uzi umekalia hapa. Ukipiga, unatetemeka, unasuguana na kikalio chake mara nyingi mno. Kikiwa laini, uzi unadumu. Kikiwa na ncha, unakatwa."

"Mbona sioni ncha?"

"Kwani jicho lako ni la paka?"

Alinyofoa pamba kidogo kutoka kwenye mto wake. Akalegeza uzi wa pili, akapitisha pamba juu ya kikalio chake. Pamba ikateleza. Akaipitisha juu ya kikalio cha uzi wa kwanza. Ikanasa. Nyuzinyuzi nyeupe zikabaki kwenye chuma.

"Huyo hapo," alisema. "Amekamatwa."

Gwinyai alisogeza taa. Sasa aliona mfereji mwembamba kwenye kikalio, wenye kingo kali na kutu chini yake.

"Uzi wa gitaa hauchimbi hivi haraka," alisema Mama Fungisai. "Uliwahi kuweka nini hapa?"

Gwinyai alipitisha kidole juu ya mfereji. Kisha akakumbuka mwaka ule maduka yalipokuwa matupu. Rafu tupu, watu wamepanga foleni bila kujua ni foleni ya nini. Nyuzi za gitaa hazikupatikana. Wakubwa walikula wakashiba, wanamuziki wakafungua breki za baiskeli. Walichambua nyaya za breki, wakatoa uzi mmoja mmoja, wakaufunga kwenye gitaa. Walifanya hivyo karibu miaka miwili, na walijiona wajanja.

"Waya wa breki," alisema.

"Ahaa. Chuma kigumu juu ya chuma laini cha bei rahisi. Umelipiga msumeno gitaa lako mwenyewe, Baba Ropa. Halafu kabla mwenzako hajafa, uzi haukuwa unakatika?"

"Ulikuwa unakatika."

"Mbona hapo hamkusema ni uchawi?"

"Kwa sababu Zvidzai alikuwa anafunika. Uzi wangu ukikatika, yeye anauchukua wimbo juu kwa juu, anaubeba mpaka nifunge mwingine. Watu walikuwa hawajui."

Mama Fungisai alivua miwani. Aliokota nyanya moja, akaipangusa kwa kanga, akairudisha.

"Haya," alisema baadaye. "Kazi."

Walianza na lililokuwa karibu. Alimpa kipande cha msasa laini kabisa, ule wa mafundi rangi wa magari. Gwinyai alilegeza uzi, akasugua mfereji taratibu, akifuata njia ya uzi, bila kuchimba chini. Akapitisha pamba mpaka ikaacha kunasa. Akasugua risasi ya penseli ndani ya mfereji, uzi uteleze.

Uzi ulidumu siku nne. Siku ya tano ukakatika.

"Palepale?" aliuliza Mama Fungisai kupitia ukutani.

"Palepale."

"Basi kimechimbika mno. Msasa ni dawa ya kikalio chenye mkwaruzo, siyo cha kaburi kama hicho. Badilisha vyote sita. Tafuta vya chuma kisichoshika kutu, vilivyolainishwa. Ila usinunue kwa macho. Kuna vipana, kuna vyembamba, na matundu ya skrubu hayalingani. Pima kwanza. Upana wa kikalio kimoja, halafu kutoka katikati ya uzi wa kwanza mpaka katikati ya uzi wa sita. Kwa milimita, siyo kwa kidole."

Gwinyai alipima mara tatu. Kadoma havikupatikana. Akakaa na simu mkononi muda mrefu. Alikuwa hajampigia Netsai tangu mwezi wa tatu. Angemwambia nini? Kwamba mumewe anawatoroka watu na watu wanamtoroka?

Akampigia.

"Nilidhani umeoa mwingine," alisema Netsai.

"Nimwoe nani? Hata salamu sipewi."

Akamweleza yote. Zvidzai, Tobias, pamba, mfereji. Netsai alisikiliza. Nyuma yake mtoto wa watu alikuwa analia.

"Mwaka mzima unakaa na hofu hiyo peke yako," alisema Netsai, "na tatizo ni kijichuma kama ukucha?"

"Ndiyo."

"Nitumie vipimo. Na picha. Na wewe, Baba Ropa, ukae kwenye kiti ule. Ropa ameambiwa na Mama Fungisai kwamba unakula umesimama kama farasi."

Vikalio vililetwa na dereva wa mizigo kutoka Johannesburg siku tatu kabla ya pombe. Gwinyai alibadilisha kimoja kimoja, kama alivyoelekezwa. Alitoa cha zamani, akaweka kipya kwa kimo kilekile, ndipo akaenda kwenye cha pili. Ukivua vyote pamoja, unapoteza vipimo vyote pamoja. Kisha akasawazisha sauti. Alipiga uzi wazi bila kuubonyeza, kisha akaubonyeza kwenye chuma cha kumi na mbili cha shingo, akaupiga tena. Sauti ya kubonyeza ilipokuwa juu mno, alirudisha kikalio nyuma kwa bisibisi. Ilipokuwa chini, alikisogeza mbele kuelekea shingo. Mwisho akaweka nyuzi mpya za gitaa, siyo za breki.

Kikalio cha zamani cha uzi wa kwanza hakukitupa. Alikitia mfukoni.

Sanyati, Jumamosi asubuhi, watu walikaa uani kimya. Ua mzima ulijua maneno ya Tobias. Mama yake Zvidzai alitoa koti kuukuu la kahawia la mwanawe, akampa Gwinyai.

"Umechelewa, mtani," alisema.

"Nimechelewa, mama. Na koti limenibana. Mwanao alikuwa anakula nusu chakula, nusu anawapa mbwa."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Gwinyai akatembea mwendo wa Zvidzai, bega moja juu, mpaka kwenye spika. Hakuna aliyesimama kushoto kwake. Mahali pale palikuwa patupu, na aliuhisi utupu huo kama baridi ya mlango ulioachwa wazi.

Akapiga. Ubeti wa kwanza. Akafika ubeti wa pili, pale uzi ulipozoea kukatika. Tobias alikuwa amekunja mikono. Uzi ukashika. Akapanda juu kabisa ya shingo, akaurudia mlio ule mwembamba mara nane, mara kumi na sita. Ukashika. Alipiga mpaka mwisho wa wimbo, kisha wa pili, kisha wa tatu, na wanawake wakainuka kucheza.

Tobias alimfuata baadaye na kata ya pombe. "Kwa hiyo amekusamehe."

Gwinyai alitoa kikalio mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha Tobias. "Hiki ndicho kilikuwa kinakata. Ona mfereji. Waya wa breki ulichimba. Na unajua ilikuwa baiskeli ya nani?"

Tobias alikigeuza kwenye jua. "Usiniambie ni ile nyeusi yangu."

"Zvidzai aliifungua breki ukiwa umelala."

"Nilianguka mtoni na baiskeli ile," alisema Tobias. "Nikampiga mtu mwingine kabisa kwa wizi huo." Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Mwaka wote alikuwa hajalia.

Gwinyai alirudi Rimuka Jumapili. Chumba kilikuwa kilekile. Zvidzai hajarudi kushoto kwake, na Netsai bado yuko mbali. Lakini alivuta kiti, akakaa, akala. Kupitia ukutani akamwita Mama Fungisai, naye akaja na nyanya.

Sasa wewe. Nenda kachukue gitaa lako, au la kanisa, au la yule unayemsema. Usingoje kesho. Tazama uzi ulikatikia wapi. Ukikatikia darajani, pitisha pamba. Ukikatikia juu kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, tafuta ncha huko. Pamba ikinasa, sugua. Ukikatika tena, pima, ubadilishe kikalio. Halafu vuka barabara ugonge mlango wa mtu uliyemgeuzia uso. Inuka. Pamba iko kwenye mto wako.