Mashapo ya Kanze

Jua lilikuwa limezama nyuma ya minazi ya Bongwe Kadzo alipotoka kukata vikonyo vya mpapai. Alitaka vile virefu, vilivyo wazi ndani, vya kuvutia pombe kutoka mtungini hadi kwenye chupa. Ilikuwa pombe yake ya kwanza. Wiki ileile bendera mpya ingepandishwa Matuga, na mwaka huo wa Uhuru hakuna aliyetaka kunywea kata tena. Kila mtu alitaka chupa, kama mzungu. Rai, mumewe, aliyekuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya Diani, alimletea chupa tupu gunia zima. Vizibo Kadzo alivichonga mwenyewe kwa magunzi ya mahindi.

Pombe ilikuwa ya mtama na sukari guru, lakini kilichoichachua ni mashapo aliyopewa na Kanze. Kanze alikuwa somo yake, aliyemfunda siku za harusi, na pombe yake watu waliifuata kutoka Msambweni. Miaka mingi Kadzo alimwomba hiyo chachu, akanyimwa kwa maneno matamu. Halafu, siku tisa zilizopita, Kanze akaja mwenyewe na kibuyu, mashapo yakitikisika ndani, akamwambia achukue. Kadzo alifurahi hata akasahau kuuliza kwa nini sasa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua.

Mtungi ulikuwa unakohoa.

Pombe ikichacha hutoa sauti, hilo kila mpika pombe analijua. Hunong'ona, hutoa mapovu, hunguruma kama tumbo la mwenye njaa. Lakini huu ulikohoa. Vikohozi viwili vifupi... kisha kimoja kirefu, cha kukokota. Ndivyo alivyokuwa akikohoa Kalama, mume wa Kanze, tangu masika, hata watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Kanze alikuwa amezika waume wawili kabla yake. Ila juzi Kadzo alikutana na Kalama njia ya Ukunda, gunia la muhogo begani, anapiga mluzi. Alimshukuru Mungu kwa niaba ya somo yake, wala hakuyaunganisha mambo hayo mawili.

Kanze alipiga hodi Kadzo aliporudi na vikonyo. Wakageuza kinu, wakaupandisha mtungi juu yake, wakazipanga chupa chini. Kadzo akafunua kifuniko. Akatazamia harufu ya mtama na utamu wa sukari. Harufu hiyo ilikuwepo. Chini yake palikuwa na nyingine... ya udongo uliochimbwa leo.

Mtungi ukakohoa.

Kanze alitazama pembeni.

Sasa, kwetu mtu akikupa kinywaji hukionja yeye kwanza, nawe ukiona, ndipo unywe. Ni heshima, na ni kuondoa shaka ya uchawi. Mwenye chachu alikuwa Kanze. Kadzo akatia kikonyo mtungini, akamwelekezea ncha nyingine avute.

Kanze akashika shavu.

"Jino linaniuma," akasema. "Muite Rai. Mwenye mji ndiye afungue."

Rai alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini. Aliingia akicheka, mikono bado ina harufu ya sabuni, akainama kwa adabu. "Shikamoo, dada Kanze."

Kanze hakuitikia marahaba.

Rai akapiga goti, akatia kikonyo mdomoni, akavuta. Pombe ikapanda, akaimeza funda moja, akakiingiza kikonyo kwenye shingo ya chupa. Ikatiririka safi, nyekundu kidogo. Chupa ya kwanza ikajaa. Ya pili. Ya tatu...

Mtungi ulikuwa kimya.

Halafu Rai akakohoa. Viwili vifupi. Kisha kimoja kirefu, cha kukokota.

Kadzo alipogeuka, Kanze alikuwa ameshatoka. Hakuchukua hata chupa moja. Kadzo akamkimbilia, akamshika leso kwenye kona ya ua, mahali giza lilipoanza kukaa.

"Umenipa nini, somo?"

"Nilichopewa na mimi." Kanze alinong'ona, hakujaribu kujinasua. "Niliyapeleka hadi Chale nikayamwaga baharini. Asubuhi yalikuwa mtungini. Hayaondoki nyumbani mpaka yapokewe kwa mkono, na huko yanakokwenda hushika mdomo wa kwanza. Nimezika wawili, Kadzo. Sikuwa na nguvu ya kumzika wa tatu."

"Watu wote hawa wa Bongwe. Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine angepokea kwangu bila kuuliza?" Kanze akafuta machozi kwa ncha ya leso. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma Kadzo zaidi. "Nami nakupenda. Ndiyo maana nikamwita Rai. Ungeweza kuvuta wewe."

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakumjua Kanze.

Bendera ilipandishwa, ngoma zikapigwa, na watu walizisifu chupa za Kadzo hadi ya mwisho. Hakuna mwingine aliyekohoa. Rai peke yake ndiye aliyeanza kukonda, mpaka shati lake la kazini likamning'inia. Kadzo aliyamwaga mashapo shimoni, akafukia. Asubuhi yalikuwa mtungini. Aliyamwaga tena. Yalikuwa mtungini. Usiku alilala ameweka mkono kifuani pa mumewe, anahesabu: viwili vifupi, kimoja kirefu. Alimlaani Kanze kwa kila jina alilolijua. Alilia kama mtu aliyefiwa, maana kwake somo alikuwa ameshakufa, na mume alikuwa njiani kufa.

Wiki ya tatu alikuja Sidi, mdogo wake wa tumbo moja, mwenye miezi minne tu katika ndoa kule Msambweni. Alikaa kwenye mkeka, akazungumza habari za mumewe Chome, jinsi anavyomchotea maji bila kujali vicheko vya wanaume wenzake. Kisha akasema kwa haya kwamba watu wote wanaitaja ile pombe, na je, dada angemgawia chachu kidogo?

Chumbani Rai alikohoa.

Kadzo akainuka. Akasuuza kibuyu, akayatia mashapo. Sidi alikipokea kwa mikono miwili, hakuuliza kitu. Kwa dada kuna nini cha kuuliza?

Siku ya tisa Rai, huku anaimba, alimbebea Kadzo gunia la chupa tupu za hoteli hadi mlangoni, naye Kadzo akalichukua akaenda Msambweni kumsaidia mdogo wake. Jua lilikuwa linazama. Mtungi ulikuwa umeshapandishwa juu ya kinu. Sidi akacheka, akasema pombe hii ina vituko, inakohoa kama mzee.

Akatia kikonyo, akamwelekezea dada yake ncha nyingine, kama alivyofunzwa.

Nje, Chome alikuwa anatua ndoo za maji.

Kadzo akashika shavu.

"Jino linaniuma," akasema. "Muite mumeo."