Rangi Zilizobaki Bandani

Saa kumi na mbili asubuhi Bodil alivaa ovaroli yake nyeupe. Alifunga vifungo vyote, ndipo akakumbuka kwamba hakuna kazi.

Kwa miaka thelathini na minne, yeye na mumewe Ejnar walikuwa mafundi rangi katika mji mdogo wa Lemvig, kando ya ghuba. Kampuni waliirithi kwa baba yake Ejnar. Mwezi wa pili Ejnar alifariki. Bodil alijaribu kuendelea peke yake, lakini magoti yalikataa kupanda ngazi kutwa nzima. Akaifunga kampuni, akauza nyumba. Mwisho wa mwezi angehamia kwenye fleti ndogo karibu na bandari.

Lililobaki ni banda la nyuma. Lilikuwa limejaa makopo ya rangi, tapentaini ya kuyeyushia rangi, mafuta ya kitani ya kupaka mbao, brashi, rola na ngazi.

Jumamosi hiyo alikuja Svend, mdogo wake Ejnar.

"Shem, haya makopo utayaangalia mpaka lini?" aliuliza.

"Ninayapanga."

"Unayapanga tangu Pasaka. Mbona hayapungui?"

Svend alisema kweli. Juu ya kila kifuniko Ejnar alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Jiko la Thyra." "Milango ya mchungaji." "Chumba cha mapacha, buluu." Bodil alikuwa akichukua kopo ili alitoe nje, anasoma, halafu analirudisha mahali pake.

"Nenda ndani utuandalie chakula," Svend alimwambia. "Mimi nitaanza. Mtu asiyesoma vifuniko atamaliza haraka."

Bodil akaingia jikoni. Alikata mkate wa shayiri, akatoa samaki wa siki na jibini. Walikula mezani, Svend akiwa na mikono yenye rangi mpaka kwenye viwiko. Hawajamaliza, mlango ukagongwa. Alikuwa Lisbet, jirani wa bondeni. Lisbet alifanya kazi katika kituo cha taka cha manispaa, na alikuja amevaa mabuti ya mpira.

"Bodil, kijito kimekuwa cha buluu," alisema. "Nani amemwaga rangi?"

Bodil alimtazama Svend. Svend alitazama sahani yake.

"Nimemwaga ndoo mbili tu kwenye mtaro wa uani," alisema. "Ni rangi ya maji. Si inaenda na maji?"

"Inakwenda, ndiyo. Mtaro ule ni wa mvua. Hausafishwi popote. Unatoka hapa, unaingia kijitoni, kijito kinaingia ghubani, tunakovua samaki uliyemla sasa hivi."

Svend akaweka uma chini.

"Piga simu manispaa mwenyewe," Lisbet alisema. "Waambie ulimwaga nini, na saa ngapi. Wakijua mapema, wataziba bomba na kuyavuta maji."

Svend alipiga. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wakati akizungumza, Bodil na Lisbet walitoka kwenda bandani. Mlangoni kulikuwa na gunia la matambara. Asubuhi Svend alikuwa amemwaga mafuta ya kitani kwa bahati mbaya, akayapangusa na kuyashindilia matambara humo.

Lisbet aliligusa gunia. "Weka mkono hapa."

Bodil aliweka. Gunia lilikuwa la moto kama mkate uliotoka jikoni.

"Ejnar hakuyarundika hata siku moja," alisema Bodil polepole. "Alikuwa anayatia kwenye ndoo ya bati yenye maji, anafunika."

"Alijua. Mafuta haya yakikauka hutoa joto. Ukiyarundika, joto halina pa kutokea, na matambara yanawaka yenyewe."

Waliyatoa matambara kwa koleo, wakayazamisha majini na kufunika ndoo. Banda zima lingeungua, na maandishi yote.

Bodil alikaa juu ya ngazi iliyolazwa chini. "Lisbet, nikiyatoa haya, mwandiko wake nitauona wapi?"

Lisbet alichukua kopo, akasoma kifuniko. "Thyra bado yuko hai?"

"Yupo. Ana miaka themanini na tisa."

"Na jiko ni la rangi hii hii?"

"Rangi ile ile. Ejnar aliichanganya mwenyewe, dukani hawana."

"Basi kopo hili si taka. Lina mwenyewe."

Walifanya kazi wiki nzima, Svend naye akiwepo, sasa akisoma kila kifuniko. Lisbet aliwaonyesha kila kitu. Makopo mapya ambayo hayajafunguliwa yalirudishwa dukani, kwa sababu mwenye duka alikubali kuyapokea. Rangi isiyoharibika yenye jina la nyumba iliwekwa kando kwa mwenye nyumba. Rangi iliyoganda, tapentaini na makopo ya zamani ya baba mkwe yalibaki na vifuniko vyake, yakisubiri kupelekwa kituo cha taka.

"Yale ya zamani usiyafungue," Lisbet alionya. "Huenda rangi yake ina madini ya risasi, na hayo ni sumu. Usichanganye kitu na kitu. Usihamishie kwenye chupa ya soda, mtu asije akanywa. Kila kitu kikae kwenye kopo lake, na jina lake."

"Nipeleke Jumamosi, kama tunavyopeleka magazeti?" Svend aliuliza.

"Hapana. Taka za kampuni zina utaratibu wake. Piga simu kituoni kwanza, sema una nini na kiasi gani. Watakupa siku."

Siku ile ilipofika, walizipeleka taka zote, makopo yakiwa wima, yamefungwa kwa kamba.

Halafu Bodil alizunguka mji kwa gari la kazi, nyumba kwa nyumba. Thyra alilipokea kopo kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaimba hapo dirishani," alisema Thyra. "Vibaya sana. Mbwa wangu alikuwa anatoka nje."

Bodil alicheka, kisha akalia, kisha akanywa kahawa. Kwa mchungaji ilikuwa hivyo hivyo. Mama wa wale mapacha alimpeleka chumbani na kumwonyesha ukuta. Kila nyumba ilikuwa na kipande cha Ejnar ambacho yeye hakuwa nacho.

Kijito kilisafika baada ya siku chache. Banda likabaki sakafu tupu.

Ngazi, brashi na rangi nyeupe iliyobaki Bodil aliipa kamati ya ukumbi wa mtaa. Jumapili moja wanakamati walikusanyika kuupaka rangi, Svend akiwa pamoja nao. Walikuwa na nia njema, lakini rangi ilikuwa ikiwatiririkia mpaka kwapani.

"Shuka," Bodil alimwambia Svend. "Nipishe."

Alipanda vipandio vitatu tu, magoti yakamruhusu. Alipitisha brashi kando ya dirisha, mstari ukanyooka. Watu wakaacha kazi kumtazama. Bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma kuomba tambara, kama alivyomnyooshea Ejnar kwa miaka thelathini na minne.

Mkono ulikaa hewani. Bodil akakumbuka, akafumba macho.

Kisha tambara likawekwa kiganjani mwake.

"Hilo hapo, shem," alisema Svend. "Endelea. Nipo."