Shemeji wa Chumba Namba Nne

Bwana wa mapokezi wa nyumba ya wageni alizoea kumpa kila mgeni ufunguo, lakini siku hiyo fundi alipofika alipewa tabasamu tu.

"Ufunguo anao shemeji," alisema. "Katangulia. Yuko juu anapumzika."

Fundi alibaki amesimama na sanduku lake la vifaa mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, fundi wa cherehani, anayezunguka mji hadi mji kutengeneza mashine za viwanda vidogo na shule za ushonaji. Mume hakuwa naye. Mchumba hakuwa naye. Hata wa kusingiziwa na majirani hakuwa naye, isipokuwa mmoja tu aliyejisingizia mwenyewe.

Maana mwanamke akisafiri peke yake, kila mwenye suruali hujiona ndiye mwenyeji wake. Atamuuliza anatoka wapi, atalala wapi, nani anamngoja, na jibu likikosekana, jibu atakuwa yeye. Basi fundi alijitungia mume. Kila mapokezi alisema, "Andika watu wawili, mume wangu yuko nyuma na gari." Aliagiza chai vikombe viwili. Alinunua viatu vya kiume vya mtumba, vikubwa kama mitumbwi, akawa anaviweka nje ya mlango. Akiwa ndani husema kwa sauti, "Baba, punguza redio." Wanaume wakapita kwa adabu. Miaka sita mume huyo alimlinda, na hakuwahi kumdai hata shati safi.

"Yukoje?" fundi alimuuliza bwana wa mapokezi polepole.

"Mumeo unaniuliza mimi? Mrefu, mpole. Kanisalimia vizuri, tena kwa mikono miwili."

Mlango wa namba nne ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu, ila kitanda kilikuwa kimebonyea upande mmoja, na chumba kilinuka nywele zilizoungua. Viatu vilikuwa nje ya mlango, kamba zimefungwa vizuri, na muda huo vilipaswa kuwa chini kabisa ya mkoba wake.

Mwenye akili angeshuka ngazi. Fundi alikuwa amechoka, na miguu iliyochoka haina akili.

Jioni, dereva mmoja wa lori, katika wale wanaokula pale kila wiki, alimbana kwenye kona ya ngazi akamshika kiuno.

"Huyo mume mbona hatumwoni?"

Akacheka, ila kicheko hakikufika mwisho. Mkono wake ulivutwa nyuma, ukafika pale mikono inapokomea, ukaendelea, na mfupa mweupe ukachomoza kwenye nyama, kama sindano inavyotokeza upande wa pili wa kitambaa.

Fundi aliogopa, nani asingeogopa? Lakini chini ya ile hofu alijisikia raha, na hapo ndipo alipokosea. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akanong'ona, "Asante, mume wangu."

Kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapojigeuza.

Tangu hapo akawa mke wa mtu. Mji wa pili, mwalimu mmoja wa ushonaji alimtania, fundi akacheka. Kabla kicheko hakijatulia, mwalimu alikuwa amegongeshwa uso kwenye cherehani mpaka gurudumu likazunguka lenyewe, meno mawili yakabaki juu ya kitambaa. Mji wa tatu fundi alijikaza akamwambia mtu wa mapokezi, "Niandikie mmoja, niko peke yangu," na alipoingia chumbani, saa kumi alasiri, jua likiwaka dirishani na watoto wakicheza mpira barabarani, alinyanyuliwa kwa nywele, akapigizwa kabatini, akaburutwa sakafuni hadi ukutani na kurudishwa tena, huku pumzi yenye harufu ile ya kuungua ikimpiga shingoni taratibu, pumzi ya mtu asiye na haraka, mtu aliyeko nyumbani kwake.

Alirudi kwenye ile nyumba ya wageni ya mwanzo na jicho limefumba. Alimkuta uani mama wa mashuka, mfuaji wa pale, mikono imo kwenye povu.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Nilianguka ngazini, mama."

"Ngazi yenye vidole vitano."

Fundi alichuchumaa karibu na beseni. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Mama, mimi sina mume. Sijawahi kuwa naye."

Yule mama aliendelea kukamua. "Najua. Miaka sita nafua shuka zako. Kitanda kilicholaliwa na wawili nisikijue mimi?"

"Basi huyu ni nani?"

"Ni uliyemkaribisha. Jini haoi kwa siri, mwanangu, anataka watu wa kusema huyu ni mke wa fulani. Wewe umemtafutia mashahidi, ukamtandikia, ukamwekea chai, ukamwita mume na shukrani juu. Kilibaki nini, ngoma?"

"Nitatokaje? Ataniua."

"Uongo huu ulianza kumwambia nani?"

"Yule wa mapokezi. Na wale madereva waliokuwa mezani."

"Basi wao ndio waikane ndoa hiyo, kwa midomo yao. Atakupiga, sikufichi. Leo atataka kumaliza."

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Madereva wanne walikuwa mezani, yule aliyevunjwa mkono akiwa na plasta hadi begani, na bwana wa mapokezi akila nao. Fundi alisimama katikati ya ukumbi.

"Niliwadanganya," alisema. "Sina mume. Natembea peke yangu."

Harufu ilitangulia. Kisha kichwa chake kilikwenda nyuma, mwili ukafuata, meza ikapinduka na vyombo vyake, akatupwa ukutani, akainuliwa kwa koo hadi miguu ikaning'inia, na alama za vidole zikawa zinazama shingoni moja baada ya nyingine bila mkono kuonekana, na wale wanaume watano, wenye vifua kama milango, wakaangalia sahani zao.

"Mambo ya mke na mume haya," alinong'ona bwana wa mapokezi. "Tusiingilie."

Nawaambia, hilo ndilo lililokuwa chakula cha yule jini.

Mama wa mashuka aliingia na pasi ya moto. "Kawaambia hana mume. Mmesikia au mmeziba masikio kwa wali? Semeni."

Wa plasta ndiye aliyeanza. "Hana mume." Kidole kimoja kikaachia shingo. "Hana mume," akasema wa pili, na wa tatu, na wa nne. Fundi alishuka hadi ncha za vidole vya miguu zikagusa sakafu. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya ini.

Akabaki bwana wa mapokezi. "Mimi nilimwona," alisema. "Ni mtu wa heshima. Siwezi kumvunjia mwenzangu ndoa."

"Atakufa."

"Wayamalize wenyewe, mama."

Mama hakubishana. Aliibandika pasi kwenye mkono wa bwana yule pale mezani na kuikandamiza kama anayenyoosha kola. Nyama ikaungua kwa sauti.

"Hana mume," alilia bwana yule. "Hana, hana, hana."

Fundi alianguka sakafuni. Na kile kilichokuwa kimemshika, kwa kuwa kilikuwa bado na hasira mikononi na hakina tena mke, kilimgeukia shahidi wake kipenzi: taya la bwana wa mapokezi lilichanika upande kwa upande, na mlango wa mbele ukang'oka na fremu yake, ukatua barabarani.

Harufu ikaisha.

Fundi aliuguzwa na mama wa mashuka wiki tatu, kisha akachukua sanduku lake, kwa sababu cherehani hazijitengenezi. Mji uliofuata aliandikisha mtu mmoja, akapewa chumba cha uani. Alasiri mlango uligongwa. Ukagongwa tena, na sauti nzito ikasema imesikia dada yuko mpweke.

Hakuna kilichotokea huko nje. Hakuna kitanda kilicholia. Fundi aliketi akisikiliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akajua kweli hakuna mtu mwingine chumbani. Kitasa kilianza kuzunguka.

Basi alifungua sanduku, akachagua bisibisi ndefu, akafungua mlango mwenyewe.

Aliyekuwa nje alikuwa binadamu. Kwa jinsi alivyolia, mtaa mzima ulithibitisha.