Kilichohama Kwenye Kompyuta ya Marlys

Kompyuta ilikuwa ya moto, na hakuna mtu aliyekuwa ameiwasha. Karin aliweka kiganja juu ya kasha lake, akakitoa haraka.

"Mama, umeitumia leo?"

"Tangu Krismasi sijaigusa," Marlys alijibu kutoka jikoni. "Ina uvivu hiyo, acha tu. Unaiwasha, unatoka kuondoa theluji njia nzima, unarudi unaikuta bado inajifikiria. Nayo marehemu baba yako aliipenda kuliko mimi."

Karin alicheka. Alikuwa amesafiri kutoka Minneapolis mpaka kwa mama yake Duluth kwa ajili hiyo tu, kuichangamsha ile mashine ili mama yake aongee na wajukuu bila picha kugandaganda. Marlys alikuwa anakaribia miaka themanini na ulimi wake bado ni wembe. Leif, mwanawe wa kiume, alipoanza kutaja nyumba ya wazee, aliambiwa atangulie yeye akaonje chakula cha huko. Akili ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mama kwenye nyumba yake mwenyewe, na Karin hakuogopa kitu duniani kama siku itakapopungua.

Basi akaketi akafungua mipangilio. Akazima yale mapambo ya madirisha kufunguka kwa madaha. Akafuta mafaili ya zamani yasiyo na kazi, diski ikapata nafasi. Kisha akatazama orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Moja haikuwa na jina. Palipotakiwa jina la mtengenezaji palikuwa patupu pia, lakini ilikuwa imekula karibu kumbukumbu yote ya mashine.

"Kumbe ni wewe, mdudu," akasema, akaizima.

Kikatokea kidirisha kuomba ruhusa ya jambo fulani. Jamani, nani husoma vidirisha vile? Watu wote aliowajua hubofya Ndiyo ili kiondoke, naye akabofya. Kwa pembe ya jicho aliona maneno "mahali pengine", basi. Feni ikanyamaza. Kompyuta ikazimika na kuwaka kufumba na kufumbua.

"Mama, njoo uone."

Marlys alikuja na birika la kahawa, akasimama mlangoni. Midomo ilifunguka, neno halikutoka. Karin alidhani anatania.

"Nzuri," mama akasema mwishowe, wakati Karin alishasahau kuwa alimwita. Akaanza kumimina. Kikombe kikajaa, kahawa ikamwagika mezani, ikatiririka sakafuni, naye akaendelea kumimina akiwa anatabasamu.

Hospitali walimpima kichwa wakasema si kiharusi, hawaoni tatizo lolote, wakamruhusu kesho yake. Njiani kurudi Karin alizima redio ya gari, kwa sababu kulikuwa na mvumo asioupenda. Redio ilipozimika mvumo ukabaki. Ulikuwa unatoka kifuani mwa mama yake, mvumo wa feni, na gari zima lilinuka vumbi lililoungua.

Alimwita Mchungaji Odegaard, mstaafu aliyekaa jirani, ambaye ndiye aliyemzika baba yake. Mzee alikuja mchana na bakuli la viazi na nyama, akavua viatu, akaongea kwanza habari za barafu ziwani, maana kule hakuna anayeingia kwenye shida moja kwa moja. Marlys alikuwa kitini, macho wazi. Ndipo mchungaji akamwekea mkono kwenye paji la uso na kuomba, na kadiri alivyoomba ndivyo mvumo ulivyopanda, na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni mpaka Karin akaziba pua kwa mkono wa sweta, na macho ya mama yake yakaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, kana kwamba kuna mtu ndani anayesoma kila kitu alichowahi kukijua Marlys, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka.

Mchungaji akajipiga mapajani kwa viganja, kama wafanyavyo watu wa kule wanapotaka kumaliza maongezi. "Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Nadhani muda umefika, uende zako."

Kichwa cha Marlys kikageuka.

"Mapema yote hii, mchungaji?" Sauti haikuwa yake, ila adabu ilikuwa yake kabisa. "Kaa kwanza. Kahawa bado ipo."

Na Odegaard, aliyekunywa kahawa ya kila nyumba ya mtaa ule na hakuwahi kumkatalia mwenyeji maishani mwake, mdomo ukamtangulia.

"Nusu kikombe tu."

Akapauka papo hapo. Alimshika Karin mkono akamvuta ukumbini.

"Nimekubali kahawa yake, binti yangu. Nimemfanya mwenye nyumba. Mimi sina tena mamlaka ya kumtoa."

"Sasa nifanye nini?"

"Nani alimpa ruhusa ya kuingia?"

Karin alikikumbuka kile kidirisha alichokibofya bila kukisoma. Alirudi kwenye kompyuta akilia, akafungua orodha, akaiwasha ile programu isiyo na jina. Kidirisha kikatokea, na safari hii alisoma kila neno.

"Makao yangu ya zamani umeyafuta. Humu sirudi. Chagua nitakapokaa."

Chini yake palikuwa na majina mawili, Marlys na Karin. Hapakuwa na Hapana.

Aligeuka. Mama yake alikuwa amekishika kikombe karibu na midomo, amesahau kukipeleka au kukishusha, na kahawa imemwagika kifuani. Karin alimpenda mama yule na aliogopa. Akabofya.

Mvumo ukakatika kitini.

"Nani kanimwagia kahawa?" Marlys akafoka. "Na wewe Odegaard unafanya nini kwenye ukumbi wangu, mbona umesimama kama mdai? Karin, una nini? Karin?"

Nipo, mama. Ndivyo Karin alivyotaka kusema, na neno alikuwa nalo, aliliona liko wapi, akaanza kulifuata, lakini lilikuwa mbali kuliko kawaida, na alipokuwa njiani taa ziliwashwa, mtu alimfunika blanketi, dirisha likawa jeusi, na alipofika mwisho na kulishika, mama yake alikuwa kwenye simu amempa mgongo.

"Leif, njoo," Marlys alikuwa akinong'ona. "Dada yako tangu mchana hajasema neno. Nimemwekea sikio kifuani, kunavuma."

"Nipo," Karin akasema.