Sekunde Nne

Uwanja wa maegesho wa mji wa Trollhättan ulinuka petroli na soseji za kuchoma siku Eskil aliposimama mbele ya Saab 96 ya kijani, akacheka. Kila Alhamisi ya kiangazi wenye magari ya zamani walikusanyika hapo, na Torun, dereva wa Saab hiyo, ndani ya koti la kazi la baba yake na kitambaa cha manjano shingoni, alishawazoea wachokozi wa Göteborg.

"Hii inafika kasi ya mia kwa sekunde ngapi, dada?"

"Kumi na saba."

"Volvo Amazon yangu kumi na tatu. Nguvu za farasi tisini na tano. Yako?"

"Sitini na tano. Lakini theluji ikianguka, magurudumu ya mbele yananivuta mpaka nyumbani. Wewe na Volvo yako mtalala mtaroni."

"Utakuja kunitoa?"

"Nitapita nikipiga honi."

Alhamisi iliyofuata Eskil alirudi, na nyingine, na nyingine. Mwezi wa Agosti simu hazikukatika.

"Umelala, sekunde kumi na saba?"

"Nimelala, bwana majivuno."

Torun alikuwa amependa, na alijua. Kilichomnyima raha ni baba yake, Folke, aliyekuwa akiisha kwa saratani. Mzee huyo aliunda Saab kiwandani miaka thelathini, na sasa alibaki na ombi moja: kabla gari lake hilo la kijani halijafungiwa bandani kwa majira ya baridi, apelekwe nalo ziwani Vänern, mara ya mwisho.

Siku mbili kabla ya safari, Eskil aliomba kulijaribu. Torun alimpa ufunguo, akamwonyesha kishikio cha chini: usipokifunga, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari linateleza tu, injini hailipunguzii mwendo. Eskil aliitikia, lakini mguu wake ulizoea Volvo. Kwenye mteremko wenye kona, lami ikiwa imelowa, aliachia mafuta akingoja injini imshike. Haikumshika. Alipokumbuka breki, ukuta wa mawe ulikuwa mbele yake.

Yeye alitoka mzima. Saab ilikunjamana pua yote.

"Ulikuwa unaipima," Torun alimwambia kwenye simu. "Ulitaka sekunde zako."

"Sikuipima, mpenzi. Nilisahau kile kishikio."

"Usiniite mpenzi."

Akakata. Simu iliita mara tisa jioni ile, na kila ilipoita alitamani kuipokea.

Asubuhi ya safari alimkuta baba yake ameketi kitandani, amekwishafunga tai. Ikabidi amwambie yaliyoipata Saab. Folke alikaza tai yake.

"Yule kijana, lile lake bado linatembea?"

"Baba, uliapa hutakaa ndani ya Volvo."

"Niliapa nikiwa na muda. Mpigie."

Eskil alifika baada ya saa moja, amevaa suti isiyomkaa vizuri, macho mekundu. Walimketisha mzee mbele, Torun akapanda nyuma bila kumsalimu mtu. Walitoka mjini, misonobari ikipita dirishani, mpaka Folke alipouliza:

"Hili linafika mia kwa ngapi?"

"Kumi na tatu, mzee," Eskil alijibu kwa aibu.

"Na langu kumi na saba." Folke aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Basi endesha kama langu. Hizo sekunde nne nazitaka."

Torun alilia bila sauti. Kisha akanyoosha mkono, akauweka begani kwa Eskil, naye Eskil akapunguza mwendo.